Mchezo wa Mmoja na Njia ya Wote



Swali lililotufikia safari hii latoka mbali na bahari. Baadhi ya vijana wetu wa mwambao, waliokwenda kufanya kazi na kusoma katika nchi ya Kisii na Nyamira, wameingiwa na mapenzi ya mchezo ambao wazee wetu hawakuujua. Mchezo wenyewe ni kupanda baiskeli na kuziendesha katika ujia mwembamba ulio juu ya mgongo wa mlima, penye genge upande mmoja na mashamba upande wa pili, ili kuuona uzuri wa nchi na kuonja furaha ya kuteremka. Wazazi wao huku chini wamegawanyika. Wako wasemao kuwa huu ni upuuzi na kuyatafuta mauti kwa miguu. Na wako wasemao kuwa kijana akiisha kutimiza kazi yake na kulipa deni lake, mwili ni wake na siku ya mapumziko ni yake, basi mtu asimwingilie. Wametutaka tuseme lipi lililo haki. Nasi twaona kwamba swali hili si dogo kama lionekanavyo, kwani ndani yake mna swali lililo kubwa zaidi: mchezo wa mtu waishia wapi, na haki ya mwenziwe yaanzia wapi?

Kwanza yatupasa tukijue kitu chenyewe, maana kukihukumu kitu kabla ya kukijua ni dhuluma.

Nchi ya Wakisii ni nchi ya milima. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na si mbali nao wainuka ukingo wa Manga, ukuta wa mawe na majani uliokatika ghafula. Manga imo katika kaunti ya Nyamira, na uso wa ukingo wake waelekea upande wa Kisii. Mtu akisimama juu yake siku isiyokuwa na ukungu, huona mabonde yamejaa migomba na chai, na jicho lake huweza kufika mpaka Ziwa Viktoria. Ni mandhari ambayo hapana mwenye moyo atakayeipita bila ya kusimama. Lakini si nchi nyepesi. Katika kimo cha mita 2,000 mkandamizo wa hewa hupungua kwa kiasi cha moja katika tano ukilinganishwa na huku pwani, na mtu aliyezaliwa Mombasa au Lamu, ambako mguu haupandi zaidi ya ngazi za ghorofa, ataona pumzi zake zamkimbia mapema. Mvua huko hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na mara nyingi huja alasiri pamoja na radi, kwa sababu upepo wenye unyevu utokao ziwani hupanda milima hiyo wakati ardhi imekwisha kupata joto. Radi za Kisii zajulikana Kenya nzima, na aliye juu ya ukingo ulio wazi saa hizo hana pa kujificha.

Ama baiskeli, tangu asili yake hapa kwetu imekuwa mnyama wa kazi. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitolewa na Mwingereza John Kemp Starley mwaka 1885. Na tairi la upepo lilifuata mwaka 1888 kwa kazi ya John Boyd Dunlop. Haukupita muda mrefu kitu hicho kilifika Afrika ya Mashariki, na watu wakakipakia kila walichokuwa nacho: maziwa, mkaa, mikungu ya ndizi, mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Kule Busia, penye mpaka wa Kenya na Uganda, baiskeli za kuvusha abiria ndizo zilizozaa jina la bodaboda, ambalo leo limechukuliwa na pikipiki.

Mchezo wa milimani ulizaliwa kwingine. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa wilaya ya Marin katika California, Marekani, walishindana kuteremka njia moja ya vumbi karibu na mlima Tamalpais, kwa baiskeli nzito za zamani zilizokwisha kutupwa na wenyewe. Breki zao zilikuwa za kukanyagia kinyume, zilizomo ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma. Mteremko ulikuwa mkali hata grisi iliyokuwa ndani ya breki ikaungua na kutoka moshi, na kila baada ya safari moja iliwabidi kufungua breki na kuijaza grisi upya. Kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo wao uliingizwa katika Olimpiki ya Atlanta.

Tumeieleza habari ya grisi kwa makusudi. Mtu anayepanda mlima huweka akiba ya nguvu katika kila hatua anayopanda, na akiteremka akiba hiyo yote lazima itoke. Itatoka kwa njia ya joto katika breki, au itatoka kwa njia ya mwendo. Na mwendo usiozuiliwa na breki utazuiliwa na kitu kingine. Hilo ndilo tutakalorejea kwalo.

Sasa na tuyatazame maneno ya wale wasemao kuwa mchezo huu ni upuuzi kwa kuwa hauna faida. Twawauliza: resi za ngalawa zina faida gani? Hapana aulizaye ngalawa ya mashindano imepakia shehena gani, wala nahodha wake atauza nini akifika. Wazee wetu walikaa barazani wakacheza bao mpaka jua likachwa, na hawakuitwa wapuuzi. Mwanadamu ameumbwa mwenye kazi na mwenye mapumziko, na katika mapumziko yake hupenda kujipima. Aliyepanda Manga kwa nguvu za magoti yake amejua jambo juu ya nafsi yake ambalo hakulijua alipokuwa kitini: amejua pumzi zake zaishia wapi, na hofu yake yaanzia wapi, na kwamba zaweza kusukumwa mbele kidogo. Hilo ni elimu, na si haki kulidharau.

Lakini elimu hiyo ina sharti. Taabu anayoitafuta mtu kwa hiari humfundisha subira ikiwa subira hiyo yatoka mlimani ikaingia nyumbani. Kijana awezaye kuisukuma baiskeli yake saa tatu katika mawe, kisha akaombwa na mamake apandishe ndoo moja ya maji ghorofani akaona amechoka, huyo mlima haukumfundisha kitu. Amejifunza kustahamili lile alipendalo tu, na hata mtoto mdogo hulistahamili lile alipendalo.

Na kuna jambo lingine ambalo mwenye kuitafuta taabu hapaswi kulisahau. Katika ujia ule ule wa Manga, asubuhi ile ile, hupita mama amebeba mkungu wa ndizi kichwani, na mzee mwenye gunia la mahindi mgongoni, na watoto waendao shule. Mlima ni ule ule, na mawe ni yale yale, na pumzi zawakata wao kama zimkatavyo mgeni. Tofauti yao ni kwamba mgeni aliichagua taabu hii na aweza kuiacha kesho, na wao hawakuichagua wala hawawezi kuiacha. Mgeni husimama kileleni akasema, "Mahali pazuri hapa!" Na ni kweli ni pazuri. Lakini uzuri huo ni mashamba, na mashamba hayo yana wenyewe, na kila kijani alichokiona kimelimwa na mtu. Mwenye kuyapenda mandhari huku akiwaona watu waliomo ndani yake kuwa ni sehemu ya mapambo, hajaipenda nchi, amependa picha.

Tuje kwa wale wasemao, mwili ni wake. Hawa nao tutawajibu kwa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kwamba mwili si wake peke yake. Ni amana aliyopewa, na juu ya amana hiyo wako wazee wanaomtegemea, na mke, na watoto, na wadai. Hatusemi kwamba kila hatari ni haramu kuikaribia. Lau tungesema hivyo, pasingekuwa na mvuvi wa bahari kuu wala baharia wa jahazi. Twasema kwamba hatari hupimwa kwa kile kinachotafutwa ndani yake, na kwa uangalifu wa mwenye kuiingia. Mkenya Suleiman Kangangi, aliyejulikana kwa jina la Sule, alikuwa katika waendeshaji hodari kabisa wa Afrika ya Mashariki na kiongozi katika timu ya Amani, akijitahidi kuwafungulia vijana wa kwetu mlango wa mashindano ya dunia. Mwezi wa Agosti 2022 alianguka katika mashindano ya njia za changarawe katika jimbo la Vermont, Marekani, akafariki naye ana miaka 33. Hatumtaji ili tumlaumu. Kazi yake ilikuwa ya heshima, na aliowaacha waliona msiba mkubwa. Twamtaja ili kijana mwenye baiskeli ya kukodi na mazoezi ya wiki mbili ajue kwamba ustadi hauiondoi hatari, na kwamba ikiwa mjuzi aweza kuanguka, basi asiye mjuzi hana sababu ya kujifanya hodari. Ushujaa ni kuijua hatari na kuipa haki yake. Asiyeijua hana ushujaa wala woga, ila ana ujinga tu, na ujinga hauna sifa.

Fungu la pili ndilo kubwa zaidi. Tukikubali, kwa ajili ya hoja, kwamba mwili ni wake na aweza kuuhatarisha apendavyo, bado haikuthibiti kwamba aweza kuuhatarisha mwili wa mwenziwe. Walioingia katika mashindano walijua wanaingia katika nini. Ama yule bibi wa Manga arudiye sokoni, yeye hakuandikisha jina lake katika mchezo wowote. Hakukubali, wala hakuulizwa.

Na watu hao si wachache. Katika hesabu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilionekana ina watu 1,266,860, ambao ni zaidi ya 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Na Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Hapana mlima mtupu katika nchi hiyo. Njia ambayo mgeni aiona ni ya milimani, kwa wenyeji ni kichochoro cha mtaa, kama vilivyo kwetu vichochoro vya Mji wa Kale. Tukumbuke sasa ile habari ya akiba ya nguvu. Baiskeli ikiteremka kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao si mwingi kwa mteremko, hukata zaidi ya mita 8 katika kila sekunde moja. Mtoto akitokeza ghafula katika vichaka vya chai umbali wa mita 8, mwendeshaji atakuwa amemfikia kabla mkono wake haujaikaza breki. Na mtu na baiskeli yake, wakiwa na uzito wa kilo 80 kwa mwendo huo, pigo lao lina nguvu sawa na mzigo wa kilo 80 ulioanguka kutoka kimo cha mita tatu na nusu. Ni nani kati yetu atakayekubali mzigo kama huo udondoshwe kutoka darini juu ya kichochoro wapitamo watoto, kwa sababu mwenye kuudondosha anafurahi?

Huko huko Marin, mchezo ulikozaliwa, jambo hili liliwagombanisha waendao kwa miguu na waendao kwa baiskeli miaka mingi, mpaka ikabidi kuwekwa sharia. Katika njia za mlima Tamalpais baiskeli zimewekewa kikomo cha maili 15 kwa saa, na maili 5 penye kona isiyoonekana na wakati wa kumpita mtu. Na katika njia nyingi nyembamba zimekatazwa kabisa. Ikiwa walioubuni mchezo wameona haja ya kuufunga hatamu, sisi tulioupokea hatuwezi kusema kwamba hatamu ni uonevu.

Wako watakaosema: lakini pikipiki za huko hupita kwa kasi zaidi, tena zimebeba watu watatu! Jawabu ni kwamba kosa la mmoja haliwi ruhusa ya mwingine. Na wengine watasema: wenyeji hutufurahia, na watoto wao hutukimbilia na kutushangilia. Ndiyo, watoto hushangilia. Lakini kelele za watoto si idhini ya wenye shamba, na mtoto anayekimbia kando ya baiskeli ndiye aliye karibu zaidi na kuumia. Na wako watakaosema: twanunua chai na chakula, twaleta fedha. Jambo hilo ni jema, na wala hatulikatazi. Lakini aliyenunua kikombe cha chai amenunua chai, hakuinunua njia.

Ndugu zetu wa mwambao watalifahamu jambo hili vizuri zaidi tukilileta nyumbani. Sisi ni watu tuliokwisha kuonja mchezo wa wengine katika njia yetu. Twajua fukwe ambako mvuvi aliyerithi diko kwa babu yake huambiwa asogeze ngalawa kwa kuwa wageni wanataka kupumzika. Twajua vijia vya kwenda baharini ambavyo vilikuwa vya watu wote, kisha vikazibwa kwa ukuta. Twajua mahali ambapo kamba za vishada vya kuvutia watu majini hupita juu ya vichwa vya wavutao nyavu. Tumelalamika kwa haki, na tumesema: bahari hii kwenu ni mchezo, kwetu ni riziki, chezeni, lakini msitusukume. Basi itakuwaje kijana wetu huyo huyo, akipanda gari akafika Manga, awe yeye ndiye mgeni anayesukuma? Haki ambayo mtu huidai awapo mnyonge, na huisahau awapo na nguvu, haikuwa haki tangu mwanzo. Ilikuwa ni kilio tu. Kipimo cha ukweli wa malalamiko yetu ya pwani ni mwenendo wetu huko bara.

Nasi hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Tangu chuoni tumesomeshwa kwamba njia ina haki zake, na kwamba kuondoa njiani kitu kinachoudhi ni katika matendo mema. Ikiwa kuondoa jiwe ni wema, basi kujifanya wewe mwenyewe ndiye jiwe linaloporomoka kutakuwa ni nini?

Kwa hayo yote, rai yetu ni hii. Mchezo wenyewe hauna aibu, na mzazi asimwite mwanawe mwendawazimu kwa kuupenda. Lakini una masharti, na asiyeyaweza masharti na auache.

Apandaye baiskeli katika ujia wa watu ajue kwamba aendaye kwa miguu ndiye mwenye njia, naye ni mgeni wake. Penye mtu, na apunguze mwendo mpaka wa mtu aendaye; penye wembamba, na ashuke, asimame upande wa genge, ampishe mwenye mzigo upande wa mlima ulio salama. Anayeteremka ampishe anayepanda, kwani aliyekatizwa katika kupanda hupata taabu mara mbili. Asipite katika kona asiyoiona mwisho wake kwa mwendo asioweza kuusimamisha. Asiingie njia ipitayo katika shamba la mtu kabla ya kumwuliza mwenyewe, na akikataliwa arudi kwa uso mkunjufu. Baada ya mvua kubwa aiache njia ipumzike, kwa kuwa gurudumu lililokazwa breki likaburura katika tope hulima mfereji, na mvua ya kesho itaufuata mfereji huo na kuchukua udongo wa watu wasiokuwa na udongo wa ziada. Alasiri mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, ateremke mapema. Na avae kofia ngumu, si kwa ajili ya kichwa chake tu, bali kwa ajili ya wale watakaoitwa hospitali usiku.

Huenda mtu akasema kuwa mchezo wenye masharti yote haya umekwisha utamu. Sisi twaona kinyume chake. Furaha ambayo haiwezi kuonwa wazi na yule inayomgusa ni furaha ya wizi, na mwenye kuiba hula kwa haraka akitazama nyuma. Ama yule aliyesimama akampisha bibi mwenye ndizi, akamwamkia kwa heshima, akajibiwa, kisha akaendelea na safari yake, huyo ataitazama nchi kwa utulivu, kwani hapana mtu katika bonde lile lote aliye na dai juu yake.

Basi na wapande wanaotaka kupanda. Mlima hautapungua kwa kutazamwa, wala haki ya mwendeshaji haitapungua kwa kukaza breki.